Aliyesimama Ng'ambo ya Mto

Jamani, hili nalisimulia uso nimeuinamisha, maana hadi leo nikipita kwenye korido ya chuo chetu hapa Bariadi kuna wanafunzi wananyamaza ghafla, na aliyejiletea hayo ni mimi na mdomo wangu.

Nafundisha utabibu. Tulikuwa tumetoka semina ya kufundisha kwa visa, ile mbinu ya kuwapa wanafunzi kisa cha mgonjwa wakijadili wenyewe, mwalimu unakaa pembeni unawachokoza kwa maswali, nami nikarudi na moto kwelikweli (wenzangu walirudi na mafua tu). Mkuu wa chuo akasema Jumanne atakuja kuniona. Sasa kisa cha kweli kinataka vibali, mafaili, barua, nikaona uvivu, nikatunga changu: mama kang'atwa na nyoka shambani kwenye pamba, mumewe kampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, wamefika mtoni maji yamejaa, ng'ombe wa kushoto kagoma kuingia, mama kaomba alambe chumvi, kafia palepale.

Ningeishia hapo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini nilipomaliza kusoma nikamwona mkuu kule nyuma anapiga miayo, nikaongeza, "Hiki ni kisa cha kweli. Nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama ng'ambo ya mto."

Darasa likawaka. "Mume ndiye mzembe!" akasema mmoja. "Alichelewa kumtoa!" akadakia mwingine, nami nachekelea, mbinu imekubali.

Ndipo akasimama Kabula, binti mpole wa kutoka upande wa Ipililo, ambaye kwa mwaka mzima sikuwahi kuisikia sauti yake.

"Baba hakuchelewa," alisema. "Kwenye mkokoteni tulikuwa watatu, baba, mama na mimi. Nilikuwa na miaka sita. Ng'ombe wa kushoto aligoma. Chumvi aliiomba. Mwalimu, nani alikuambia?"

Nikaanza kuzikunja karatasi zangu.

"Baba alipiga kelele sana kuomba msaada. Ng'ambo kulikuwa na mtu amesimama, anatuangalia tu. Ulikuwa wewe?"

Nywele zilinisimama (na ninazo chache). Nikasema nimetunga, kisa chote nimekitunga mezani kwangu. Darasa likaguna.

"Mwalimu," akasema mkuu, miayo imekwisha, "umetuambia ulikuwepo."

"Nilidanganya, mkuu."

"Ulidanganya lini? Mwanzo, au sasa hivi?"

Kesho yake mchana baba yake Kabula akaja, mzee mrefu, kofia mkononi. Hakunitukana. "Mwadila," alinisalimu kwa Kisukuma, nikaitikia, kisha akaniomba jambo moja tu: niende nikasimame upande wa pili wa uwanja wa mpira, anitazame.

Nikaenda. Ningefanyaje? Jua la saa saba, tai shingoni, vichwa vimejaa madirishani chuo kizima, na mkuu kasimama barazani mikono nyuma. Mzee alikuwa mbali, kiganja juu ya macho, ananiangalia bila kutikisika. Nyasi pale zilikuwa zimekauka kabisa, lakini naapa nilihisi ubaridi unapanda kwenye soksi, kama nimesimama kwenye tope la mto.

Akaniita kwa mkono.

"Siye," alimwambia binti yake aliyesimama kando yake. "Yule alikuwa mwanamke."

Kabula akageuka. "Baba, hujawahi kusema."

"Ningesemaje? Alikuwa mama yako. Amesimama kule, anatuangalia. Na mama yako huyohuyo nilikuwa nimempakata."

Mzee akakaa chini palepale kwenye vumbi akalia, na Kabula akamshika mabega. Aliniambia baadaye kwamba tangu siku ile ya mtoni hakuwahi kumwona baba yake akitoa chozi.

Nikapiga magoti kuomba radhi mbele ya watu wote. Mzee akafuta uso kwa kofia.

"Usiseme tena umeona kitu ambacho hukukiona," alisema. "Sisi tuliokiona bado tunalala nacho."

Barua ya onyo niliipata Ijumaa, na nilistahili. Kisa kile nilikitoa wapi, sijui, na nimeacha kujiuliza. Siku hizi visa vyangu vinatoka kwenye mafaili, vina vibali na mihuri, na mkuu akipiga miayo namwacha apige.