Chiriku Anasubiri Darajani

Kila kitu nyumbani kwa Mama Pasi kilikaa juu ya kitambaa. Redio ilikuwa na chake, jagi la maji lilikuwa na chake, na hata tochi, ambayo haikuwa na kazi mpaka umeme ukatike, ililazwa juu ya kipande cheupe kilichokunjwa pembe kwa pembe. Wageni, enzi zile wageni walipokuwa bado wanakuja, walimtania kwamba mtu akikaa kimya muda mrefu humo ndani naye atatandikiwa. Hakukasirika. Mtu aliyepiga pasi mashuka ya hoteli tangu usichana mpaka mvi hawezi kuona kitu kimewekwa juu ya mbao tupu bila mkono kumwasha.

Ndiyo maana binti yake alipoondoka na kumwachia kompyuta yake ya zamani, jambo la kwanza alilofanya si kuiwasha. Alichagua kitambaa. Kilikuwa kitambaa cha meza kilichotupwa hotelini kwa sababu ya doa la kutu. Alikikunja mara nne, doa likapotelea ndani, akakitia wanga, akakipiga pasi mpaka kikawa kigumu kama kadi, kisha akailaza kompyuta juu yake kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Binti mwenyewe, mtoto wake wa pekee, alikuwa akiitwa Chiriku tangu utotoni, kwa sababu mdomo wake haukujua kufungwa. Aliongea mezani, aliongea bafuni, na baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mtoto huyu hata usingizini anasimulia. Sasa Chiriku alikuwa nchi ya mbali, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Na ajabu ni kwamba, tangu avuke huko, simu ilimnyang'anya maneno yote.

"Hujambo Mama?"

"Sijambo. Umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula."

Baada ya hapo kila mmoja alisikiliza pumzi za mwenzake, kama watu waliokaa foleni ya zahanati, mpaka mmoja akumbuke ana maji jikoni.

Gemu lilikuwa wazo la Chiriku. Kompyuta ile alikuwa ameiwekea Linux, mfumo wa bure ambao, kwa maneno yake, hauibebeshi mashine kongwe mzigo mzito, na ndani yake mlikuwa na gemu la mbio za magari, nalo la bure. Mtu akiwa huku na mwenzake ng'ambo waliweza kukimbizana kwenye barabara moja. Magari yenyewe yalikuwa madogo kama viatu vya watoto. Barabara ilipita msituni, ikavuka daraja la mawe, ikaingia kwenye handaki na kurudi ilikoanzia. Jumapili mchana Mama Pasi alivaa visikilizio vyenye kipaza sauti mbele ya mdomo, akajiona kama rubani, akaketi mbele ya gari lake la njano. La Chiriku lilikuwa la kijani.

Ila gari la njano halikuwa linakwenda. Lilikuwa linaruka. Lipo hapa, halafu lipo pale, na katikati hapakuwa na kitu. Picha ilikuja vipande vipande kama habari inayosimuliwa na mwenye kigugumizi. Kona ilipofika, ilikuwa imekwisha kupita.

"Mama, uko wapi?"

"Nipo kwenye mti."

"Mti upi?"

"Nitaujuaje, na nipo ndani yake?"

Chiriku alicheka mpaka akakohoa. "Basi nakusubiri darajani."

Na alisubiri kweli. Kila mzunguko aliliegesha gari la kijani kwenye daraja la mawe, na wakati mama yake anajikwamua kwenye miti, yeye aliongea. Hapo ndipo chiriku aliporudi. Pengine ni kwa sababu hakuna aliyemwangalia mwenzake. Wote walikuwa wanatazama barabara. Mama Pasi alilijua jambo hilo kutoka kazini: wanawake wawili wakisimama meza moja, mikono ikiwa na nguo, huambiana mambo ambayo uso kwa uso wasingeyatamka hata kwa kupigwa. Darajani Chiriku alimweleza juu ya mzee wa chumba cha mwisho aliyefariki huku amemshika mkono. Alimweleza juu ya mwanamume fulani, akacheka, akaacha kucheka. Siku moja alisema, "Unajua, Mama, huku nakula nimesimama. Pale kwenye beseni la vyombo. Nikikaa, meza inakuwa kubwa sana."

Mama Pasi aliendelea kubonyeza vitufe. Alikuwa ndani ya mti. Lakini maneno yale aliyabeba wiki nzima.

Kisha kompyuta ikazidi kugoma. Jumapili moja picha ilisimama kabisa, gari la njano likabaki limening'inia hewani, na Mama Pasi akasikia binti yake akishusha pumzi.

"Mama, tuache tu. Inakutesa bure. Nitakuwa napiga simu, tunaongea kawaida."

Lile neno *kawaida* lilimwingia kama maji baridi mgongoni. Aliijua kawaida yao. Umekula, nimekula, na wewe, nimekula.

"Tuitengeneze kwanza."

"Mama, hiyo mashine imezeeka."

"Na mimi je?"

Chiriku akacheka kidogo. "Haya. Nitakuelekeza kwa simu. Leo tuirekebishe, na Jumapili ijayo ikiwa bado hivi, tuifunge, sawa?"

Walianza na picha yenyewe. Vivuli walivizima, majani ya miti wakayapunguza, skrini wakaifanya ndogo. Kisha Chiriku akamwongoza kufungua dirisha jeusi lisilo na picha hata moja, ambamo kompyuta huamrishwa kwa maandishi. Walikuwa wanaipa kadi ya picha, ile sehemu inayochora skrini, programu mpya ya kuiongoza. Herufi moja moja, nafasi, kistari, herufi. Mwisho mashine ikadai neno la siri. Mama Pasi akabonyeza, na hapakutokea kitu, hata nukta.

"Imekufa. Naandika, haiandiki."

"Andika tu, Mama. Inasikia, ila haionyeshi."

"Kama marehemu baba yako."

Chiriku alicheka tena kile kicheko cha kukohoa, na Mama Pasi akatamani mashine ile idai maneno ya siri mengine kumi.

"Ungekuwa hapa ungeifanya mara moja," alisema. "Fimbo ya mbali haiui nyoka."

"Nyoka mwenyewe ni kibogoyo, Mama. Bonyeza."

Walijaribu mbio. Mzunguko wa kwanza ulikuwa maji, wala hakuingia kwenye mti wowote. Alipiga kelele peke yake chumbani mpaka akaona haya. Mzunguko wa pili ukawa uji. Wa tatu ukawa ugali. Chiriku alikuwa na zamu, na sauti yake ilipoaga ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuamua.

Wiki hiyo Mama Pasi alipiga pasi bila kusema. Mwenzake wa meza, mkunjaji wa mashuka aliyeitwa Bi Pembe kwa jinsi alivyozinyoosha pembe zake, hakuwa mtu wa kuvumilia ukimya.

"Leo umemeza nini, mwenzangu? Au mwanao hajapiga?"

"Amepiga."

"Anaogesha wazee wa watu huko. Na wa kwake ataogeshwa na nani?"

"Wa kwake bado anajiogesha mwenyewe. Kunja shuka."

"Nakunja, nakunja. Usinichome na hiyo pasi." Bi Pembe akachungulia. "Na yenyewe imezima, ona. Imekufa."

Mama Pasi hakuangalia hata. Kijana wa mapokezi alikuwa ameingia kuomba shati lake, na Mama Pasi alikuwa ameiegemeza pasi ubavu kwenye rundo la taulo. "Haijafa. Imezidi moto, imejizima. Ikipoa itarudi yenyewe."

Mkono wake ulibaki juu ya shati la watu.

Ikipoa itarudi yenyewe. Mzunguko wa kwanza maji.

"Sasa umeona jini?" Bi Pembe akauliza.

"Nimeona taulo," alijibu, na hakumweleza zaidi.

Alipofika nyumbani hakuvua hata viatu. Aliwasha kompyuta, akafungua gemu, akaendesha peke yake mpaka gari la njano lilipoanza kigugumizi. Kisha akafanya kitu ambacho mkono wake ungekifanya tangu mwanzo kama ingekuwa nguo: aliingiza kiganja chini. Akakitoa haraka. Mashine ilikuwa na moto wa kunyoosha kola.

Aliizima, akaiinua. Kitambaa kilikuwa kimeungua. Katikati ya weupe wake palikuwa na alama ya rangi ya chai, yenye mistari myembamba iliyopangana, mfano halisi wa matundu ambayo kompyuta ilipaswa kupumulia. Miaka yote ile hotelini hakuwahi kuunguza hata leso. Na hapa, sebuleni kwake, kwa mapenzi na wanga, alikuwa amekiunguza kitambaa taratibu huku akiiziba pumzi mashine ya mwanawe.

Fundi simu wa kona ya barabara aliifungua kesho yake kwa bisibisi ndogo kama kijiti cha meno. Aliinua kifuniko, akatazama, akaita, "Mama, hebu njoo uone. Mashine yako imevaa sweta."

Feni haikuonekana. Ilikuwa imefunikwa na vumbi la nyuzi, jeupe, zito, lililoshikana kama blanketi. Mama Pasi alilichukua kwa vidole akalitambua mara moja. Ni pamba ya mashuka, ile inayoruka kwenye meza ya pasi na kurudi naye nyumbani kwenye mikono ya gauni lake na kwenye nywele.

"Unafuga kondoo, Mama?"

"Nilikuwa nadhani nafuga kompyuta. Safisha, usinicheke."

Fundi alisafisha kwa brashi, akabadilisha dawa ya kupitisha joto iliyokuwa imekauka kama udongo, akafunga. "Usiilaze juu ya kitambaa tena. Meza tupu. Ukiweza, inyanyue kidogo ivute hewa."

Mama Pasi aliinyanyua juu ya vifuniko vinne vya chupa. Ilimkera jicho, ile mbao tupu chini yake, lakini aliiacha.

Jumapili ilipofika, barabara ilifunguka mbele yake kama shuka linalokung'utwa. Mzunguko wa kwanza maji, wa pili maji, wa tatu maji. Aliona vitu ambavyo hakujua vipo. Chini ya daraja la mawe mto ulikuwa unatiririka. Siku zote alidhani ni kioo. Palikuwa na ndege watatu. Palikuwa na benchi, pembeni kabisa ya daraja, ambalo hakuna gari lingeweza kulikalia.

"Mama! Umenipita! Nani amekufundisha?"

"Ondoka njiani, mtoto."

Walikimbia mbio tatu, na zote tatu zikaisha katika muda ambao zamani ulitosha moja. Hakuna aliyemsubiri mwenzake, maana hakuna aliyebaki nyuma. Kwenye daraja walipita pamoja, wakipiga kelele kama vichaa, na wakawa wamekwisha kupita.

"Hongera, fundi mkuu," Chiriku alisema, anahema. "Sasa huna kisingizio. Haya, tumemaliza mapema, ngoja nijilaze kidogo kabla ya zamu. Umekula?"

"Nimekula."

"Na mimi. Haya, Mama."

Sikioni pakawa kimya. Mama Pasi alivua visikilizio akaviweka juu ya kitambaa cha kuviwekea. Jua lilikuwa bado ukutani. Jumapili za nyuma lilikuwa likiondoka wakati Chiriku bado anaongea. Feni ya kompyuta ilizunguka kwa sauti ndogo ya raha, halafu nayo ikanyamaza.

Kitambaa kilichoungua kilikuwa mgongoni mwa kiti, kimefuliwa. Alikichukua. Alikikunja mara nne bila kufikiri, akainua ukingo wa kompyuta kwa mkono mmoja, akakaa hivyo. Lilikuwa jambo jepesi. Kukilaza tu, na Jumapili ijayo angekuwa ndani ya mti.

Akaishusha kompyuta juu ya vifuniko vyake. Kitambaa alikipeleka jikoni, kikawa cha kufutia sufuria.

Jumapili iliyofuata walianza kama kawaida yao mpya, ubavu kwa ubavu. Gari la kijani lilitangulia kidogo msituni. Mama Pasi alifika kwenye daraja la mawe, akaachia kitufe. Gari la njano likapunguza, likasimama karibu na lile benchi. Magari mengine, yale yanayoendeshwa na kompyuta yenyewe, yalimpita mbio bila kugeuka.

"Mama? Uko wapi?"

"Darajani."

"Imekwama tena?"

Angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari ulimini.

"Haijakwama. Nimesimama."

"Umesimama? Kwa nini?"

Mto ulipita chini. Ndege wale wale watatu walikata anga, wakatoweka, wakarudi.

"Hapa ndipo ulipokuwa unanisubiri," alisema.

Ukimya ukawa mrefu kama ule wa simu, na Mama Pasi akaogopa kwamba amekosea, kwamba sasa hata Jumapili itabebwa na maji. Kisha kwenye kona ya mbele likatokea gari la kijani, linakuja kinyume, likikwepa magari mengine.

"Gemu linanipigia kelele," Chiriku alisema. "Linasema naenda njia siyo."

"Liache lipige."

Gari la kijani likasimama kando ya la njano.

"Umekula, Mama?"

Mama Pasi alitazama jikoni, kwenye sahani moja na kikombe kimoja vilivyokuwa karibu na beseni, pale alipoviacha mchana.

"Nimekula," alisema. "Nimekula nimesimama."