Mtaro wa Anyesi

Jua la asubuhi limeshaanza kuuma mgongoni, na Anyesi Chibago bado yumo ndani ya shimo alilolichimba katikati ya mto mkavu, mchanga ukimfika kifuani. Anachota maji kwa kata, anasubiri yajikusanye tena, anachota. Ndoo yake haijafika hata nusu.

Juu ya shimo wanawake wenzake wanangoja zamu. Mmoja wao, jirani yake Paulina, anainama kumpokea ndoo.

"Mheshimiwa," anamwambia, "mabomba yako umeyaacha wapi leo?"

Wanawake wanacheka. Anyesi naye anacheka, maana asipocheka ataambiwa amenuna. Akishajitwika ndoo na kushika njia ya nyumbani, kicheko kinaisha.

"Nimezoea," anamwambia mwandishi. Anatembea kidogo, kisha anajisahihisha. "Hapana, sijazoea. Nadanganya."

Anyesi ana miaka hamsini na miwili. Ni mkulima wa uwele na karanga katika kijiji cha Chitemoni, wilayani Chamwino, na hajawahi kugombea hata ujumbe wa serikali ya kijiji. Uheshimiwa anaotaniwa nao ameupata kwa kazi nyingine: kusimama kando ya mwenye kipaza sauti na kugeuza Kiswahili chake kuwa Kigogo.

Kiswahili cha sokoni na cha zahanati watu wa hapa wanakijua. Cha jukwaani ni kingine. Mgeni akianza na "sera", akaingia "itikadi", akafika "uchumi jumuishi", wazee wanamwacha na kumgeukia Anyesi wasikie kumesemwa nini.

Alianzia kanisani. Alikuja mhubiri mgeni, mkalimani wake akaugua, Anyesi akasukumwa mbele kwa kuwa alimaliza darasa la saba na hana haya mbele za watu. Kanisani mkalimani hasemi "anasema". Mhubiri akisema "mimi", naye anasema "mimi". Mhubiri yule alishuhudia ulevi wake wa zamani na wapenzi aliowaficha, na Anyesi akayatoa yote hayo bila kuruka neno. Jioni bibi mmoja alimfuata nyumbani kumsihi aachane na pombe na wale wapenzi.

Hadithi hiyo anaisimulia akijifuta machozi ya kicheko. Ile ya siasa haisimulii hivyo.

Katika kampeni zilizopita, wapiga debe wa wagombea urais wawili walifika Chitemoni, kila mmoja kwa siku yake. Vyama havitatajwa hapa. Anyesi mwenyewe ameomba hivyo, na ndiye anayebaki kijijini sisi tukiondoka.

Wa kwanza alihubiri ujamaa: kisima cha umma, maji ya wote, hakuna kulipia. Wa pili alisema vya bure ndivyo vilivyotufikisha hapa, aachiwe mwekezaji achimbe, kila mtu anunue ndoo yake. Mawazo hayo hayaketi meza moja. Lakini yote yaliwafikia wazee kwa sauti ileile, ikianza na salamu ya "Mbukwenyi" na kuishia na "nitawaletea maji".

"Walinipa kitenge na elfu kumi, huyu na yule," anasema Anyesi. "Nikajiona nimefanya kazi. Kumbe najitia kitanzi."

Kwa maana yule wa pili aliongeza jambo. Alisema, "Chimbeni mtaro, nitaleta mabomba." Anyesi akalisema kwa Kigogo kizuri, kile cha kuombea mvua, na watu wakachimba. Baada ya mavuno kila kaya ilitoa mtu, wakachimba kutoka mtoni hadi shuleni.

Mabomba hayakuja. Mvua ndizo zilizokuja, zikaupanua mtaro ukawa korongo. Mwaka jana Mama Restuta, mama mkwe wa Anyesi, aliteleza humo akitafuta mboga za mlenda, akavunjika nyonga. Hajatembea tena.

Kijiji chote kinauita mtaro wa Anyesi. Watoto wanaouruka kwenda shuleni wanadhani ndilo jina lake tangu zamani.

"Mama hanilaumu," anasema. "Ananiambia tu, mwanangu, ungesema ni yule bwana ndiye anayeahidi. Basi. Ni heri angenitukana."

Sasa majina ya wanaotajwa kuutaka urais yameanza tena kuzunguka. Paulina anasema siku ya kura atakuwa shambani. "Wa ujamaa, wa soko huria, wote wanakunywa maji ya chupa," anasema.

Mzee Bartolomayo, anayekaribia miaka themanini, tunamkuta mlangoni pa nyumba yake ya tembe akichambua mbegu za mtama. Anazungumza Kigogo tu, kwa hiyo Anyesi ndiye anayetafsiri. Swali ni moja: kati ya wanaotajwa, moyo wake uko kwa nani?

Mzee anajibu taratibu. Anyesi anatafsiri akiangalia chini.

"Mimi nawasikia wote ni Anyesi," anasema. "Anyesi wa maji ya bure, Anyesi wa kununua ndoo. Kura yangu nilimpa Anyesi, maana baba yake alikuwa mtu mkweli."

Hapo Anyesi analazimika kugeuka pembeni.

Wiki iliyopita alipata mgeni, Thobias, kijana wa mjini Dodoma anayemnadi mmoja wa wanaotajwa. Alikuja na pikipiki, kitenge kipya kimefungwa nyuma.

"Shikamoo, mama. Tuna kikao hapa Jumamosi, tunakutegemea."

"Marahaba. Nitakuja, ila nitasema 'anasema'. Anasema ataleta maji. Ile ya 'nitaleta' nimeiacha."

"Mama, ukisema hivyo ni kama unawaambia bwana huyu mwongo."

"Sijasema ni mwongo. Nasema ni yeye."

Thobias aliinamisha kichwa. "Lakini wazee hawamjui yeye. Wanakujua wewe." Akaondoka na kitenge chake. Habari zilizopo ni kwamba amempata kijana wa kwaya wa kumtafsiria.

Anyesi amebakiwa na mpango mmoja: kuufukia mtaro kabla ya mvua, kipande kwa kipande, kila akitoka mtoni. "Pakiwa tambarare, labda na jina litapotea," anasema.

Leo ameanzia pale alipoanguka mama mkwe wake. Udongo umeshafika kimo cha goti wakati Mzee Bartolomayo anapotokea na fimbo yake. Anyesi anamwamkia kwa Kigogo. Mzee anaangalia udongo, anaangalia jembe, kisha anasema maneno machache, bila ukali.

Anyesi anamgeukia mwandishi. "Anasema…" anaanza, kisha anakatiza. Neno hilo alilolipigania kwa Thobias halimtoki tena mbele ya mzee huyu.

"Usifukie," anatafsiri. "Mabomba yakija yatapita wapi? Mimi bado nangoja. Wewe uliniambia unaleta."

Mzee hasogei. Anyesi anashuka mtaroni na kuanza kuutoa udongo alioujaza asubuhi.