King'ora cha Nyumba ya Mbele

Kwa miaka mingi nilitunza funguo za nyumba inayotazamana na yangu, hapa Uvira. Mwenye nyumba alikuwa rafiki yangu. Mpangaji akihama, nilimwita fundi abadilishe kitasa, nikafagia, na mpya akifika nilimpitisha kwa majirani wote. Kisha alisimama langoni na kuita mara moja kwa nguvu, sote tukicheka, ili tuizoee sauti yake. Siku ya wezi angeita hivyo hivyo, nasi tungetoka tukipiga sufuria. Hakuna mwizi anayependa kelele za wamama wa mtaa mzima.

Rafiki yangu akafa. Mtoto wake anayeishi Bukavu akamtuma fundi kufunga king'ora na kufuli la namba, kisha akanipigia simu.

"Mama, pumzika sasa. Code nitamutumia lokatere miye mwenyewe."

Nilinuna. Pumzika! Kana kwamba niliomba. Huyo lokatere, yaani mpangaji, akaja, mshonaji kijana mwenye cherehani moja iliyomlisha. Nilimtazama akishusha mizigo, nikaingia zangu ndani. Nikajisemea, basi king'ora kimkaribishe.

King'ora chenyewe kililia kwa kila kitu: upepo wa ziwa, paka, umeme ukirudi. Mwezi haukuisha, tukawa hatuinui hata kichwa.

Jumapili moja mchana kikalia tena. Nilikuwa namenya mihogo. Nikakilaani, nikaendelea kumenya. Ndani ya kelele zile kulikuwa na mtu anaita. Nilimsikia, lakini sauti sikuijua, nikadhani ni watoto wanatoka kuoga ziwani. Kumbe mshonaji alitoka kanisani akawakuta wezi ndani. Walimsukuma chini, wakaenda na cherehani. Wanasema hasira hasara, ila hasira ilikuwa yangu na hasara ikawa yake. Hilo linaniuma mpaka leo.

Bila cherehani hakuweza kulipia nyumba. Siku alipohamia kwa dada yake, mtaa wa Kavimvira, nilishindwa kukaa ndani. Nikavuka barabara, nikamshikia godoro alifunge. Hatukuwa tumewahi kusalimiana.

"Aksanti, mama," akasema. "Uko na roho muzuri. Weye iko unaikala wapi?"

Nikanyoosha kidole kwenye lango langu, pale pale mbele yetu. Akaliangalia, akaniangalia mimi, akaendelea kukaza kamba.