Siku Nilipolifukiza Gari la Mashindano

Leo nacheka, lakini mwezi mzima nalikuwa nikipita Ndia Kuu nimejitanda buibui mpaka machoni nisijulikane, kwa aibu niliyojitia kwa mikono yangu miwili.

Mjukuu wangu Zulfa anasomea umakanika chuoni, na yeye na wenziwe, Swaleh, Baya na Kadzo (majina sisahau, nilichosahau ni kusoma tu), waliunda gari la mashindano kwa mabomba ya chuma na injini ya pikipiki, halina mlango halina paa, kama kitanda kilichotiwa magurudumu. Siku hiyo mwalimu wao, Katana, alikuwa alikague kabla halijatiwa petroli: likipita wamefaulu, lisipopita warudie mwaka mzima. Zulfa akanambia, "Nyanya, njoo ukae kitini upige makofi. Usiguse kitu."

Sikugusa. Nilifukiza tu.

Maana nilipofika chuoni naliona watu wamelizunguka gari wanalisifu, hapana hata mmoja asemaye mashallah, na jicho la watu mimi nalijua. Nikatoa chetezo kikapuni (ndiyo, natembea nacho, chekeni), nikaomba makaa mawili kwa Mama Kache anayekaanga viazi karai langoni, nikatia udi, na watoto walipokwenda kuvaa maovaroli safi nikakisukuma chini ya kiti cha dereva, nikalifunika gari kwa leso zangu vile vile tunavyofukiza nguo za biharusi, nikarudi kukaa.

Mwalimu akaja, akaona moshi.

"Moto! Gari laungua!"

Hapo ningesema. Nikainamia tasbihi yangu. Swaleh akaurukia mtungi wa kuzimia moto, akalipulizia gari, akaipulizia injini, akampulizia na mwalimu, wote weupe kama waliotoka kukanda mahamri, kisha Baya akavuta leso na chetezo kikabingirika mpaka miguuni pa mwalimu, kingali chafuka moshi wa udi wangu mzuri.

"Hiki cha nani?"

Zulfa hata hakunitazama. "Changu, mwalimu."

Lo! Moyo ukanikatika. Nikainuka mbele ya umma ule. "Muongo huyo! Ni changu mimi. Nalikuwa nikilikinga gari na husuda."

Mwalimu akapangusa ndevu. "Bibi, lau tungekuwa tumeshatia petroli, ungetukinga na dunia nzima."

Akawageukia watoto: unga wa mtungi umeingia injini, waifungue yote, waisafishe, waifunge tena kabla ya alasiri. Mimi nikapewa kupakata sahani ya nati na amri ya kutoinuka. Walifanya kazi, Kadzo machozi yakimtoka, na injini ilipokuja kunguruma nilipiga kigelegele nati zilizobakia zikamwagika (zilikuwa mbili, na hakuna aliyejua ni za wapi). Mwalimu akasema, "Waliofungua na kufunga haya yote mbele ya macho yangu, niwaulize nini tena?" Wakapita.

Mimi nimeapa, chenye injini sikifukizi tena. Chetezo kimefungiwa kabatini, ufunguo anao Zulfa, na nikitaka kufukiza nguo zangu mwenyewe lazima nimuombe, naye husimama mlangoni akinitazama, mtungi mkononi.