Viatu Mlangoni mwa Hekalu, Penang

Jumapili, manyunyu tangu asubuhi. Mimi na wenzangu tulipokwenda kuchukua mzigo wa nguo soko la jumla la Shahe, hapa Guangzhou, laoban mwenye duka aliwasha vijiti vya udi, nikakumbuka kisiwa cha Penang nilikopelekwa na wazazi nikiwa mdogo.

Mtaa mmoja ulikuwa na msikiti, hekalu la Wahindi, kisha hekalu la Wachina. Kwenye milango miwili ya kwanza tulivua viatu kama wenzetu. Kwa Wachina watu waliingia navyo, lakini mama akavua.

"Mama watoto, hapa hawavui," baba alisema. "Wanatucheka."

Walicheka kweli, ingawa sidhani kwa ubaya.

"Wacheke. Siingii mahali pa ibada na matope ya barabarani."

Alikaza midomo, nikaogopa atalia mbele za watu. Ndipo mzee aliyekuwa akifagia akauweka ufagio chini, akavua kandambili zake, akatutangulia pekupeku. Labda alitaka tu zogo liishe, sijui. Sakafu ilikuwa baridi, majivu ya udi yakanishika nyayoni. Mama alilizunguka hekalu lote akitabasamu.

Jioni hii tumekula wali na samaki wa kupaka. Viatu vyetu vyote viko mlangoni.