Aliyeigandisha Kompyuta ya Shangazi

Shangazi yangu anatarizi nembo za sare za shule. Mashine yake inaongozwa na kompyuta iliyonizidi umri, na karakanani kwake sheria ni moja: kompyuta inaguswa na yeye tu. Ikisimama, basi kuna mtu kaigusa.

Tangu aanze kutumia intaneti pamoja na duka la fotokopi la ghorofa ya chini, ili wateja wamtumie michoro, kompyuta ikawa inaganda. Kioo kinakuwa buluu, sindano inasimama katikati ya nembo, na kitambaa kinaharibika. Kila mara aliyekuwa karibu ni Chapuchapu, fundi wake msaidizi, kwa sababu yeye ndiye anayebadilisha nyuzi.

"Umeigusa tena."

"Nimebadilisha uzi tu, Shangazi. Au niubadilishe nikiwa nje?"

"Mkono wako mwepesi kuliko kichwa chako. Nenda nyumbani ukapumzike."

Chapuchapu alicheka, akaona amecheka peke yake. Akachukua mkoba wake.

Wiki iliyofuata iliganda tena, na chumbani tulikuwa mimi na Shangazi tu, wote tuko mbali nayo. Safari hii Shangazi alimwita fundi wa kompyuta.

"Mfumo wake ni wa zamani, una udhaifu," fundi alisema baada ya kuchunguza. "Ukitumiwa ujumbe uliokatwa vipande vibaya, unahangaika kuviunga mpaka unaganda. Kompyuta ya fotokopi ina virusi, inamwaga ujumbe wa namna hiyo kwa kila kompyuta iliyo kwenye mtandao wenu. Nyingine zinautupa. Hii yako inapokea kila kinachokuja."

"Wanaiba nini?" niliuliza.

"Hawaibi kitu. Inazuiwa kufanya kazi, basi."

Sikujua kama mtu anaweza kuangushwa hivyo, bila kuibiwa wala kuguswa.

"Si uzibe huo udhaifu?" Shangazi alisema.

"Waliouunda mfumo huu walishaacha kuutengenezea viraka, mama. Chomoa waya wa intaneti. Michoro iletwe kwa flashi."

"Kwa hiyo hakuna aliyeigusa."

"Hakukuwa na haja ya kuigusa."

Shangazi alichomoa waya, akajifunga mtandio, tukaenda kwa kina Chapuchapu. Tulimkuta anakunja nguo.

"Mwanangu, nilikuonea. Rudi kazini."

"Asante, Shangazi." Aliendelea kukunja. "Jana nilikwenda kuomba kazi kwa fundi cherehani wa sokoni. Akaniambia amesikia naharibu mashine za watu. Nikaenda kwa yule wa stendi, naye kasikia."

Shangazi aliinamisha kichwa. Hakuna aliyeuliza walisikia kwa nani.

"Nitawaambia ukweli."

"Watauliza kompyuta iligandaje bila mtu. Utawaelezaje?"

Shangazi alinigeukia. "Yale maneno ya fundi wa kompyuta umeyashika?"

"Kidogo."

"Twende, utanisaidia. Tuanzie sokoni."

Chapuchapu hakuinuka. "Nendeni," alisema. "Wakiwaelewa, mje mniambie."