Kiuno cha Paka Mzee

Kila Ijumaa mshonaji alimpima paka wake mzee kiuno kwa futi, kama mteja wa gauni, na kila Ijumaa kiuno kilikuwa kimepungua. Daktari wa mifugo alikuta meno mazima na damu haina shida. Akamwambia, “Mama, mpashie chakula moto kidogo, halafu kaa naye.”

“Nikae naye? Cherehani ijishonee yenyewe?”

Siku ya tatu chakula alichompashia kilikuwa bado kimejaa kwenye sahani, naye mshonaji akachoka hata kubisha. Akaketi sakafuni, akamega mkate wake. Paka alimtazama akitafuna, kisha naye akainamia sahani. Tangu wamzike mumewe, hakuna aliyekaa kula katika nyumba ile.

Mshonaji akajizungushia futi. Sketi yake alikuwa ameibana mara tatu, akilaumu kitambaa.